Barua Ambayo Bi Subiri Hakuitia Saini

Jina la Bi Subiri nililitoa mimi. Nalisema mapema, asije mtu akanisemea.

Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, na tunafanya kazi chini ya paa moja kwenye kiwanda cha maziwa. Yeye yuko ghorofani, ofisi ya takwimu. Mimi niko chini, stoo ya baridi, na koti zito na glavu kama mtu anayekwenda kuchimba barafu. Kila asubuhi yeye ndiye anayetoa ripoti inayosema kila duka jana liliuza pakiti ngapi, lilirudisha ngapi, na leo lipelekewe ngapi. Bila ripoti hiyo mimi sipakii hata kreti moja, na malori yanakaa uani yamefungua milango kama watu wanaopiga miayo.

Sasa ripoti yenyewe ilikuwa nzito kuliko hayo malori. Ukibonyeza kuifungua, kioo cha kompyuta kinakuwa cheupe, katikati kinatokea kiduara kinachozunguka, na chini yake neno moja: Subiri. Utasubiri kweli. Utakwenda kunawa, utarudi, kiduara kipo. Utamsema vibaya jirani, utamaliza, kiduara kipo. Malori yaliyotakiwa kuondoka saa moja na nusu yalikuwa yanaondoka saa tatu jua limeshapanda, na wenye maduka wameshachukua maziwa ya watu wengine.

Siku moja madereva walinizunguka wakidai mzigo kana kwamba nimeuficha ndani ya koti. Nikainua simu ya stoo, nikapiga ghorofani, nikasema kwa sauti wasikie wote: "Hebu niitieni huyo Bi Subiri." Madereva wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kufika mchana jina lilikuwa limepanda ngazi zote, na wiki iliyofuata hata mlinzi wa getini alimsalimia kwa jina hilo. Yeye hakununa. Jioni tulipokutana kwa mama aliniambia tu, huku akimenya vitunguu, "Wifi, jina umelitoa bure. Kulirudisha hutalirudisha bure." Nikaona ni maneno ya wifi na wifi, nikapita.

Lakini mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba huyu mwanamke hasemi kwa kupamba. Nimemjua miaka kumi na sita. Alipoolewa kwetu, siku ya tatu tu, chupa ya chai ya mama ilikutwa imepasuka ndani. Ukiitikisa inalia kama kibuyu cha mganga. Nyumba nzima tukamtazama bibi harusi. Mama, ambaye hakuwa mkali kwa siku ile, akamwambia aseme samahani yaishe, chupa ni kitu cha dukani. Wifi akajibu kwa adabu zote, macho chini, kwamba angeivunja angesema. Hakuivunja, kwa hiyo samahani yake haina pa kukaa. Mama akanuna mwezi mzima. Kila alfajiri wifi alimwamkia, hakuitikiwa, akaendelea na kazi zake, kesho yake akamwamkia tena. Mwezi ulipokwisha mume wake, mdogo wangu huyo huyo, ndipo akapata ulimi: yeye ndiye aliyeiangusha. Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Wifi hakusema niliwaambia. Alikwenda kununua chupa mpya, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akamwambia, hii nawe ukiivunja, sema.

Huyo ndiye mtu niliyemwita Bi Subiri.

Kiwandani aliingilia mlango wa nyuma kama mimi. Alianza kama karani wa makreti matupu, pale uani yanaporudi na matope na mabaki ya maziwa yaliyochacha. Saa ya chakula alikuwa anapanda kukaa karibu na mzee wa takwimu, akimtazama anavyofanya, akimuuliza hiki kinatoka wapi, kile kinakwenda wapi, mpaka mzee akachoka kujibu, akamwachia kiti ajibu mwenyewe. Mzee alipostaafu, ripoti akaachiwa yeye, kama mtu anavyoachiwa nyumba yenye wapangaji wa zamani. Hukuwapangisha wewe, lakini paa likivuja unaitwa wewe.

Na paa likavuja. Jumatatu moja Meneja wa Mauzo alimwita, akampa barua. Huyu Meneja ni mtu wa kunyoosha shati hata akiwa amekaa, na kikombe chake cha chai hakimtoki mkononi. Barua ilikuwa imeshaandikwa, imeshapigwa mhuri, na yeye mwenyewe ameshaitia saini kwa wino mwingi. Ilimtaka wifi akubali kwa maandishi kwamba ripoti inachelewa kwa sababu yeye ameshindwa kazi, na kwamba yuko tayari kurudi kwenye makreti matupu. Kazi ya ripoti ingepewa kampuni ya nje, ambayo watu wake Meneja alikuwa anawafahamu vizuri, vizuri mno. Akamwekea sharti moja, kwa kuwa Mkurugenzi alitaka lionekane jambo la haki: Ijumaa, saa moja asubuhi, ripoti ikifunguka chini ya dakika moja, barua itachanwa. Isipofunguka, saa mbili kwenye kikao atatia saini mbele ya wote.

Wifi alishuka nayo stoo, akanipa niisome. Niliisoma mara mbili, pumzi inatoka kama moshi kwa ile baridi. Sitasema uongo, nilimshauri atie saini. Nilimwambia kamba hukatikia pabovu, na pabovu siku zote ni kwa mtu mdogo. Uani nako ni kazini, kiti hakina undugu na mtu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaikunja barua.

"Wifi, ile chupa ya chai niliivunja mimi?"

"Hapana."

"Basi."

Akabaki pale, hakupanda. Nikaendelea na kazi yangu kwa sababu maziwa hayangojei huzuni ya mtu. Nina ubao wangu ukutani, wa chaki, ambao nimeutumia tangu kabla kompyuta hazijaingia stoo. Jioni nafuta kila kitu, naacha mstari mmoja juu: mzigo uliolala. Asubuhi nachukua uliolala, najumlisha ulioingia, natoa uliotoka, nimemaliza. Wifi akautazama ule ubao kama anauona siku ya kwanza, na ameuona miaka. Akaniuliza makreti ya mwaka juzi nimeyaandika wapi. Nikamcheka. Nikamwambia ya mwaka juzi yalishanyweka, na walioyanywa wengine wameshaota ndevu. Mimi nitayahesabu ya nini, wakati yote yamo ndani ya ule mstari wa juu?

Alitia kalamu mdomoni. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema siri ya nyumbani kwake. Ile ripoti kila asubuhi ilikuwa inaanza kuhesabu kutoka pakiti ya kwanza iliyotoka kiwandani, miaka tisa nyuma. Kila pakiti, kila duka, pamoja na maduka yaliyofungwa, pamoja na moja ambalo siku hizi ni kinyozi. Inahesabu miaka tisa yote ili ituambie habari za jana. Kesho inasahau, inaanza upya kutoka pakiti ya kwanza. Nikamwambia karani wa namna hiyo mimi ningemfukuza siku ya pili.

Jumanne kutwa alikuwa kazini humo. Siku zote zilizopita akazijumlisha mara moja, kila duka na jumla yake ya siku, akaziweka kwenye jedwali dogo pembeni, zikalala. Ripoti ikawa inaanzia kwenye kilicholala na kuongeza kilichoingia jana tu. Jioni aliniambia kiduara kimepunguza mwendo wake wa nusu saa mpaka dakika kumi na moja. Nilimpongeza. Akasema dakika kumi na moja si moja.

Jumatano alizunguka ofisi zote na daftari akiuliza swali hilo hilo: katika ripoti hii, wewe unasoma nini? Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu aliyenipa stoo. Ripoti ilikuwa na kurasa ishirini na sita, na kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe aliyeuomba zamani, akaupata, akausahau. Kulikuwa na ramani ya rangi saba ambayo hakuna aliyejua zambarau inamaanisha nini. Kulikuwa na siku za kuzaliwa za madereva, ambazo hazijawahi kumpatia dereva hata soda. Kulikuwa na joto la stoo yangu kwa kila dakika, na aliyeliomba alikuwa mhasibu. Alipoulizwa la nini, akasema anapenda ule mstari unavyopanda na kushuka. Na ukurasa wa kwanza kabisa alikaa ng'ombe wa kuchorwa, anayetikisa kichwa mauzo yakipanda, kumbukumbu ya bosi aliyepita. Vyote hivyo vilikuwa vinapikwa kila asubuhi pamoja na orodha yangu ya maduka, kama mtu anayepika chakula cha harusi kumi ili apate kikombe kimoja cha uji.

Kila mlango jibu lilikuwa moja: siutumii, lakini usiutoe.

Wifi hakubishana nao. Akachapa karatasi, akazungusha: anayeutaka ukurasa wake atie saini kwamba anausoma kila siku. Karatasi ilirudi nyeupe. Kumbe si yeye peke yake asiyependa kutia saini. Zikabaki kurasa nne, na ng'ombe akaenda zake.

Saa sita mchana aliniita nipande. Nilipanda na koti langu, jasho linanitiririka, akabonyeza mbele yangu. Nilihesabu kwa vidole. Sekunde nane. Nilimkumbatia mpaka makarani wakageuka kututazama, na mmoja akasema Mama Stoo leo kayeyuka.

Alhamisi saa moja asubuhi, kiduara. Dakika tano, kumi, ishirini na mbili. Madereva wakaanza kuimba wimbo waliomtungia, sitauandika hapa. Mmoja akanipigia kelele kutoka uani nimwambie wifi yangu kwamba maziwa yatakuwa mtindi kabla hajafungua. Meneja akashuka na kikombe chake, akasimama mlangoni pa stoo, mahali ambapo hafiki kwa kuogopa baridi, akauliza kwa upole wa kuchoma: mchana inakimbia, asubuhi inachechemea, huo ni ugonjwa gani? Akasema kesho ni Ijumaa. Kama vile sisi hatuna kalenda.

Wifi alishuka saa nne na karatasi ndefu mkononi. Nilidhani amekuja kulia, nikamwekea ndoo aikalie. Hakukaa.

"Wifi, asubuhi unabonyeza ripoti mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanionyesha karatasi. Ile mashine inaweka alama ya kila anayebonyeza, kompyuta gani, saa ngapi. Kompyuta ya stoo, ambayo haina mtumiaji mwingine ila mimi, asubuhi ile ilikuwa imebonyeza mara kumi na tisa. Kiwanda kizima, kati ya saa moja kasorobo na saa moja na robo, mara elfu moja mia moja na arobaini. Na sisi ni watu themanini na watatu.

Nilijisikia kama ile chupa ya chai. Ukinitikisa, nalia.

Ikabidi nimweleze, maana yeye hakujua. Kila Jumatatu saa mbili Meneja ana kikao cha kusimama, na wifi hahudhurii kwa sababu saa hiyo bado yuko ghorofani anapigana na kiduara. Kwenye kikao hicho Meneja anasoma orodha ya nani amefungua ripoti mapema wiki iliyopita. Wa juu wanapigiwa makofi. Wa chini wanaulizwa kama kazi imewashinda. Basi ripoti ikageuka kuwa kitabu cha mahudhurio. Mtu akiingia, hata mkoba hajatua, anabonyeza ili aonekane yupo, kisha anakwenda kunywa chai. Akirudi akakuta kiduara, anaogopa haikumhesabu, anabonyeza tena. Mlinzi hana hata kompyuta, lakini alimwomba binti wa mapokezi awe anambonyezea naye ahesabiwe. Mimi nilikuwa nabonyeza huku nikimtukana wifi yangu kwa uzembe. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuipamba.

Yeye hakunitukana. Alinieleza tu kwa lugha ya stoo: ukibonyeza mara ya pili, ile ya kwanza haifi. Ni kama madereva elfu wanakuja kwako kwa pamoja, kila mmoja anataka umhesabie mzigo wote wa siku, wewe peke yako, na ukichelewa kila mmoja anarudi foleni mara kumi zaidi. Nikamwambia mimi siku hiyo ningefunga mlango na kwenda nyumbani. Akasema, "Yenyewe haina nyumbani."

Orodha ile ya waliofungua aliitengeneza yeye kwa mkono wake, miaka miwili nyuma, kwa amri ya Meneja, akiambiwa ni ya kujua kama watu wanafaidika. Akapanda moja kwa moja kumwambia Meneja orodha ikome. Aliyoyakuta huko alinisimulia baadaye. Meneja alikataa kwa tabasamu. Alisema watu themanini na watatu wanasoma takwimu kila asubuhi, na kwamba jambo hilo lilikuwa kwenye taarifa yake kwa Mkurugenzi, ukurasa wa kwanza, kama mafanikio. Punguza unachotaka kupunguza, akamwambia, orodha yangu usiiguse hata nukta.

Wifi aliniambia hayo akitabasamu. Nilipoona hilo tabasamu nilijua Meneja kajipalia makaa.

Ijumaa aliingia kiwandani saa kumi na mbili, walinzi wakiwa bado wanapokezana zamu. Alichofanya ni kile ambacho kila mama wa nyumba angekifanya. Ripoti aliipika mara moja, yeye mwenyewe, kabla ya watu kuja, akaiweka tayari imeiva. Atakayebonyeza apakuliwe kutoka sufuria hiyo hiyo. Hakuna wa kuanza kuwasha moto wake. Wabonyeze mara elfu kama wanapenda, sufuria haijali. Na ile orodha ya Meneja hakuipunguza hata nukta. Aliiongeza.

Saa moja kamili nilikuwa mbele ya kompyuta yangu, kidole juu. Nilibonyeza mara moja. Sijavuta pumzi ya pili, maduka yote yamejipanga mbele yangu. Nilipiga kelele madereva walete malori nyuma, na wao wakadhani natania. Lori la kwanza lilitoka getini saa moja na dakika ishirini. Mmoja wa wale waliotunga wimbo ndiye aliyeliendesha, na hakuimba.

Saa mbili tukaingia kikao. Mkurugenzi alikaa kichwani pa meza, mama mtu mzima, miwani yake ina kamba shingoni, mtu wa maneno machache. Wakuu wa sehemu tulizunguka meza. Barua ilikuwa mbele ya Meneja na kalamu juu yake. Mkurugenzi akaniuliza lori la kwanza limetoka saa ngapi, nikamwambia. Akamgeukia Meneja kama mtu anayesema, basi, tumalize.

Meneja hakumaliza. Alinyoosha shati. Akasema anapongeza, ila sasa imethibitika kwamba Bi Subiri alikuwa anaweza siku zote. Kama ndani ya siku nne ameweza, basi miaka miwili alikuwa anachelewesha malori kwa makusudi au kwa uzembe, na uzembe ni kosa kubwa kuliko kushindwa. Kwa hiyo barua ibaki, neno moja libadilishwe, atie saini liende kwenye faili. Akaisukuma ile barua mezani, kalamu ikabingirika mpaka mbele ya wifi. Ukishindwa una kosa, ukiweza una kosa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu hakutaka ripoti ikimbie. Alitaka jina la kuandika chini ya ucheleweshaji.

Wifi hakuigusa kalamu.

"Meneja, mimi sitii saini kitu ambacho sikukivunja. Ila orodha yako nimekuletea."

Akagawa karatasi. Ilikuwa ile ile ya kila Jumatatu, majina themanini na matatu na saa za kufungua. Pembeni kuna safu moja mpya: muda ambao kila mtu aliiacha ripoti wazi kabla ya kuifunga. Mbele ya jina la karani aliyepigiwa makofi wiki saba mfululizo paliandikwa sekunde mbili. Anayefuata, sekunde tatu. Ukitelemka karatasi nzima, sekunde mbili, moja, tatu, mbili. Watu sabini na tisa hawakufika hata ukurasa wa pili. Na mbele ya jina la Meneja mwenyewe palikuwa na kistari, kwa sababu ripoti hajaifungua kwa miezi minne. Alikuwa anafungua orodha tu.

Wifi akaeleza yale mabonyezo elfu na zaidi, taratibu, bila kumtazama mtu. Meneja akasema huo ni uzushi, hakuna mtu mwenye akili zake anayebonyeza kitu mara kumi ili ahesabiwe. Akatutazama mmoja mmoja. Mhasibu akatazama dari. Wa mapokezi akatazama kucha. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa anangoja mwenzake.

Nilisimama. "Mimi nabonyeza mara kumi na tisa," nikasema. "Jana asubuhi, mara kumi na tisa, na nilichokuwa nasoma ni ukurasa mmoja tu. Nilibonyeza nisije nikasomwa Jumatatu. Na hilo jina la Bi Subiri nililitoa mimi, wakati waliokuwa wanawasubirisha watu ni mimi na nyie."

Mhasibu akasema yeye ni mara kumi na nne. Mtu akakohoa, akasema ishirini. Ikawa kama watu wanaotubu kwa mnada.

Mkurugenzi alikuwa anafuata majina kwa kidole. Akauliza, "Na mimi?" Wifi akamwambia sekunde kumi na moja. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta kwa upole mrefu.

"Juzi na jana nilikuwa namtafuta ng'ombe," akasema.

Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Mkurugenzi akasema orodha ya Jumatatu imekoma leo, kampuni ya nje iambiwe ibaki nje, na barua ichanwe kama ilivyoahidiwa. Meneja akanyoosha mkono kuichukua. Wifi akaiwahi. Alisema barua imeandikiwa yeye, jina lake ndilo lililopo juu, na kitu cha mtu hakichanwi na mwingine. Mkurugenzi akamtazama kidogo, akainua mabega, akatoka.

Wifi akaigeuza palepale juu ya meza. Kwa kalamu ile ile ya Meneja akaandika nyuma yake, herufi kubwa, akizipitia mara mbili mbili: BONYEZA MARA MOJA. Akashuka nayo mpaka stoo, akaibandika juu ya kompyuta yangu kwa vipande vinne vya utepe wa gundi, kimoja kila pembe.

Nilimwambia jina nimelirudisha, nitawatangazia na madereva. Akasema niache, ameshalizoea, na kwamba kulitafuta lingine ni kuanza kuhesabu kutoka pakiti ya kwanza. Siku hizi anayepiga simu asubuhi ni yeye, akitaka kujua Mama Stoo bado anavaa glavu mpaka saa ngapi, ripoti imekaa inapoa.

Karatasi ya barua ni nyepesi. Taa ya stoo ikiwaka, wino wa upande wa pili unaonekana, na saini ya Meneja, kwa ukubwa alioiweka, inasomeka kinyumenyume chini kidogo ya neno MOJA. Kila dereva ameshaitazama. Wiki iliyopita Meneja alishuka na kikombe chake, akasimama mlangoni, akaniomba niibandue, haipendezi machoni pa wageni. Nilimwambia ile karatasi si yangu. Mwenyewe yuko ghorofani, apande akamwombe.

Aliitazama ngazi. Kisha akanywa chai yake.